Kitabu Changu Kinaitwa Korona

Naomba nianze kwa kujitetea: jina nililichagua kabla ya ugonjwa.

Baba alifariki 2017. Mwaka uliofuata nikaanza kuandika habari zake usiku, baada ya kazi, kwenye kaunta buku. Alikuwa mkata mkonge, halafu akahamishiwa kiwandani, na huko kiwandani ndiko alikostaafia. Waliokulia Korogwe, Muheza au Pangani hawahitaji kuelezwa korona ni nini. Ni ile mashine inayoponda jani la mkonge, nyama ya jani inakwenda na maji, nyuzi zinabaki. Kwa mazoea jengo zima likaitwa korona. Ukimuuliza mama, "Baba yuko wapi?" anakujibu, "Yuko korona." Ikilia alfajiri tulijua ni saa ngapi. Ikinyamaza mchana tulijua kuna kitu kimeharibika, au kuna mtu ameumia. Kwa hiyo nilipomaliza mswada Novemba 2019 sikuhangaika na jina. Nikaandika juu yake neno moja, Korona, nikaenda kulala.

Kilichofuata unakijua. Machi 2020 dada yangu akanipigia simu, tukacheka sana, halafu tukaacha kucheka. Nikasema nisubiri hili jambo lipite. Halikupita. Mwaka 2021 nikachoka kusubiri, nikachapisha hivyo hivyo kwa pesa zangu: nakala laini kwenye duka moja kubwa la vitabu la mtandaoni, la ng'ambo, na kwenye ukurasa wangu mwenyewe ambako mtu analipa kwa simu nami namtumia faili. Na nakala 200 za karatasi, ambazo nyingi bado zimo chini ya kitanda, ukiacha zile nilizogawa kwenye harusi za watu.

Lile duka lilikaa na faili langu siku tisa. Nadhani mtu, au mashine, aliona neno lile kwenye jalada akadhani nauza dawa. Siwalaumu, maana wakati ule kila mtu alikuwa anauza dawa. Mwishowe likapita. Miezi mitatu ya kwanza niliuza nakala 6, na wanne kati ya wanunuzi hao nawajua kwa majina ya ukoo.

Sasa, mwandishi wa kwetu kitabu kisipouzika ana majibu mawili ya haraka: Watanzania hawasomi, au wachapishaji wanatubania. La pili halikunihusu, mchapishaji nilikuwa mimi. La kwanza nililiimba kama mwezi hivi. Halafu siku moja mpwa wangu, mtoto wa dada, akachukua simu yangu akaandika kwenye Google "kitabu cha korona". Zikaja kurasa na kurasa za kunawa mikono, barakoa, miongozo ya shule. Akaandika "kitabu korona mkonge". Nikatokea, ukurasa wa pili, chini. Akaniangalia. "Mjomba, sasa nani ataandika hivyo?"

Kumbe mtu hawezi kukikataa kitabu ambacho hajawahi kukiona. Hilo lilinipa faraja kidogo, halafu likaniongezea kazi.

Ngoja nieleze namna mambo haya yanavyokwenda, kwa ambao hawajawahi kujichapishia. Duka nililotumia linakupa visanduku saba. Wateja hawavioni, ni maneno unayoinong'oneza mashine ili mtu akiandika kitu kinachofanana, kitabu chako kiletwe mbele yake. Kila kisanduku kinachukua herufi 50, na ile nafasi tupu kati ya neno na neno nayo inahesabiwa. Maneno yaliyoko kwenye jina la kitabu huna haja ya kuyarudia, hayo mashine tayari inayo. Hauruhusiwi kutaja kitabu cha mtu mwingine wala jina la mwandishi mwingine. (Nilikuwa nimeshaandika Vuta N'kuvute. Nikafuta kwa aibu.) Hauruhusiwi kujisifu wala kuandika kwamba kitabu ni bure.

Herufi 50 zinaonekana nyingi mpaka ujaribu kuzijaza kwa Kiswahili. Kisanduku changu cha kwanza niliandika "maisha ya wafanyakazi wa mashamba ya mkonge Tanganyika". Kikanikatia kwenye "Tangan". Lugha yetu inabeba mtu, wakati na tendo ndani ya neno moja, na juu ya hayo inadai vile viunganishi vyake, ya, wa, za, kila baada ya hatua. Ukiviondoa ili kubana nafasi unapata kitu kama telegramu ya msiba: "wafanyakazi mashamba mkonge Tanganyika". Lakini ukiangalia vizuri, ndivyo watu wanavyoandika kwenye simu. Hakuna anayemsalimia Google.

Shida nyingine sikuitarajia kabisa. Neno letu linabadilika mbele, siyo nyuma. Mtu wa Kiingereza akitoka kwenye kitu kimoja kwenda vingi anaongeza herufi mwishoni, mwanzo wa neno unabaki palepale. Sisi tuna kitabu na vitabu, mkata mkonge na wakata mkonge, alikata na walikata na kukata. Nilijaribu yote hayo moja baada ya jingine, kwenye dirisha la faragha ili simu isinipendelee, na majibu hayakuwa yaleyale. Nilipoandika wingi nilitupwa kwingine kabisa. Basi ikabidi niamue: msomaji wangu anamtafuta mkata mkonge mmoja au anawatafuta wengi? Swali la sarufi, lakini lilinikalisha jioni nzima, kwa sababu mimi niliandika juu ya mmoja.

Nikasema haya, tutumie maneno ya baba. Mtu aliyeishi miaka arobaini kwenye kazi moja ana msamiati wake, na msamiati huo ndio kitabu. Nikaandika orodha: korona, manamba, kipande, silabu. Nikaanza kuyajaribu.

Manamba ndilo jina waliloitwa vibarua wa mkataba, walioletwa kutoka mbali na kupewa namba. Ukilitafuta unapelekwa Nairobi. Kule manamba ni vijana wa matatu, wale wanaoning'inia mlangoni na kuita abiria. Nilisoma habari ndefu ya mgomo wa matatu kabla sijakumbuka nilichokuwa nafanya.

Kipande ilikuwa kadi ya kazi ya siku 30. Siku uliyofanya kazi inatiwa alama, usiyofanya haihesabiwi, na mshahara unasubiri mpaka zitimie 30, hata kama kalenda imeshakwenda mwezi na nusu. Baba alikihifadhi kimoja ndani ya bati la biskuti, namba yake juu, 2417. Andika "kipande" uone: kipande cha nyama, kipande cha video, na kwa Wakenya kitambulisho cha enzi ya mkoloni, ambacho ni historia nyingine nzito yenye wasomaji wake.

Silabu ndiyo iliyonimaliza. SILABU ilikuwa ofisi ya wenye mashamba ya kuandikisha vibarua, iliyoanzishwa 1944, na jina lake ni kifupisho cha Kiingereza. Kule Songea baba alikuwa akisema "nilichukuliwa na Silabu" kama mtu anayetaja jina la chifu. Nikaandika neno hilo kwa heshima zote. Google akanifundisha kwamba neno "baba" lina silabu mbili.

Nilicheka peke yangu, ila sikulala vizuri. Maneno yote ambayo baba alijielezea nayo yalikuwa yamekaliwa na watu wengine. Hakuna aliyeyapora kwa ubaya; lugha inakwenda na walio wengi, na wakata mkonge siyo wengi tena. Hata neno hadithi, ambalo nilidhani ni letu sote, ukiliandika peke yake linakuja kwanza na hadithi za Mtume, na hao wasomaji wanajua wanachotafuta na wana haki ya kukipata bila mimi kujipenyeza katikati. Simulizi basi? Simulizi kwa sasa, kwenye simu za Watanzania, ni mapenzi, uchawi na visasi vya kusisimua, sehemu ya kwanza mpaka ya 80. Riwaya? Riwaya wanaandika wanafunzi, na wanachotaka ni uchambuzi wa maswali ya mtihani. Ukiongeza "pdf" mwishoni wanakuja wengi zaidi, ila hao hawaji kununua.

Nikafanya kitu ambacho nakishauri kwa yeyote mwenye kitabu. Niliacha kujiuliza kitabu changu kinahusu nini, nikaenda kuwauliza watu wangeandika nini. Sikuwaonyesha jalada. Niliwaambia tu: kuna kitabu cha kweli cha mtu aliyetolewa kwao ujanani akaenda kukata mkonge, akazeeka huko; ukikitaka, unaandika nini kwenye simu? Bodaboda wangu akasema, "Mkonge." Nikalijaribu neno hilo, zikaja bei za mkonge, mbegu za mkonge, ushauri wa kilimo. Wakulima siku hizi wamerudi kwenye zao lile kwa nguvu, na mwenye ekari zake hana haja na baba yangu. Mwalimu mmoja wa sekondari akasema, "Riwaya ya ukoloni Tanganyika." Rafiki yangu wa Mombasa akasema yeye angeandika katani, maana kwake mkonge ni mmea na katani ndiyo iliyomo kwenye magunia na kamba. Mama mmoja muuza vitenge akafikiri, akasema, "Mimi nisingeandika. Ningemuuliza mtu." Jibu hilo nililipuuza. Nitalirudia.

Mpwa wangu yeye hakuwa na mashaka. "Weka mapenzi, mjomba."

Nikamwambia hakuna mapenzi humu. Akanikumbusha kwamba baba alimtoroshea mama shambani kwa Wazigua, kwamba shemeji walikuja na mapanga, na kwamba nimeandika kurasa nne nzima juu ya usiku ule. Kweli nimeandika. Mapenzi yamo, kurasa nne kati ya 212. Basi nikaweka kwenye kisanduku cha tatu "simulizi za mapenzi ya kweli", na kwenye cha nne "siri ya familia iliyofichwa". Siri yenyewe ni kwamba babu upande wa mama hakupokea mahari mpaka 1971, na ilifichwa kwa kiwango ambacho kijiji kizima kilikuwa kinaijua.

Mwezi ule niliuza nakala 23. Nikahesabu mara mbili. Nikamnunulia mpwa viatu.

Mwezi uliofuata zikaja nyota moja moja. Maoni ya kwanza yalikuwa mafupi na siwezi kuyasahau. Kwa ufupi msomaji alisema amefika ukurasa wa 60 na ni mkonge tu. Wa pili aliuliza mapenzi yanaanza sura ya ngapi ili aruke. Sikuweza kukasirika. Mtu ametoa pesa yake, pengine ya vocha, ametoka kazini amechoka, anataka kusoma namna watu wawili walivyopendana wakaumizana, mimi nampeleka kuhesabu majani kwenye vicha. Huyo sikumkosa kama msomaji. Nilimdanganya. Na kitabu chenyewe nilikifanyia vibaya zaidi, kwa sababu sasa mtu anayekuja kwa sababu sahihi, labda mtoto wa mkata mkonge aliyeko Ubungo, anakuta nyota moja na nusu juu ya mlango anageuka.

Dada alipojua alinuna. Siyo kwa ajili ya nyota. "Umemtangaza mama kama chombezo," akanambia. Nikajitetea kwamba sikuandika chombezo, niliandika mapenzi ya kweli. Akasema, "Haya, nenda kaburini kamweleze tofauti." Dada yangu ni mkubwa wangu kwa miaka tisa, aliwahi kunibeba mgongoni, na simu akishaikata huwa ameikata.

Nikafuta vyote viwili siku ileile. Visanduku viwili vikabaki vitupu karibu miezi miwili.

Wakati huohuo nilikuwa nahangaika na ukurasa wangu. Huko mambo ni tofauti na dukani, na hapa niliibiwa, kwa hiyo nisikilize vizuri. Kijana mmoja fundi wa tovuti alinitoza shilingi 80,000 kuniwekea "maneno ya siri" kwenye ukurasa, orodha ndefu ambayo msomaji haioni, ati Google ataisoma. Baadaye nikaja kujua kwamba Google wenyewe walishatangaza tangu 2009 kwamba orodha ile hawaitumii kupanga majibu. Pesa yangu ilikuwa imezikwa mahali ambapo hapachimbwi. Kwenye ukurasa wako maneno ya kutafutia ni yale yale unayomwandikia binadamu: jina, kichwa kidogo chini ya jina, aya ya kwanza. Huna cha kunong'ona.

Na aya yangu ya kwanza ilikuwa inaanza na Mjerumani. Naona haya hata kuisimulia. Iliaza kwa kueleza kwamba mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, kwamba iliyofika hai ilikuwa 62 tu, kwamba ilipandwa karibu na Pangani na mashamba yote yakatokana na hiyo. Ni kweli tupu, na nilipata shida kuitafuta. Niliiweka mbele kwa sababu niliona inanipa uzito, ili msomaji ajue anashughulika na mtu aliyefanya utafiti.

Dada, alipoanza tena kupokea simu zangu, nilimsomea. Akasikiliza mpaka mwisho. "Huyo Mjerumani ni nani kwetu?"

"Ndiye aliyeleta mkonge."

"Kitabu ni chake?"

"Hapana."

"Basi mtoe. Andika baba alikwenda manamba Tanga akiwa kijana, watu wa kwao wakajua hatorudi."

Niliandika kama alivyosema, neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa nimechoka na pia namwogopa. Kichwa kidogo tulikubaliana baada ya wiki nzima ya kuvutana: Korona: Maisha ya Baba Yetu Kwenye Mashamba ya Mkonge. Mimi nilitaka tubadilishe jina lote. Nilikuwa na sababu zote za kibiashara mkononi. Nilimpa mfano wa Ben Mtobwa, ambaye alijua kuuza kitabu barabarani kuliko sisi tunavyojua kuuza kwenye simu. Jina kama Dar es Salaam Usiku lilimsimamisha mpita njia kabla hajaona hata sura ya kwanza. Dada akasema Mtobwa aliandika mambo ya Mtobwa, na baba alifanya kazi korona, na ugonjwa umemkuta akiwa ameshakufa, kwa hiyo asilazimishwe kuupisha. Nilijaribu kupinga hoja hiyo mara kadhaa na bado sijapata pa kuishika. "Baba Yetu" pia ni yake. Mimi nilikuwa nimeandika "Baba Yangu".

Nataka kuwa mkweli kuhusu miezi iliyofuata: hakuna kilicholipuka. Nakala tatu, nakala tano, sifuri, nne. Kwenye visanduku viwili nilivyofuta nilijaza "historia ya mkonge Tanga" na "kumbukumbu za ukoloni Tanganyika", ambavyo vilileta watu wachache wenye adabu, wengi wao wakiwa wanaandika tasnifu. Mmoja aliniandikia kunirekebisha mwaka. Nilimshukuru.

Halafu mwaka juzi, Agosti, ukaingia ujumbe kwenye ukurasa.

"Shikamoo mwandishi."

Nikaitika. Alikuwa dada mmoja wa Kasulu, mkoa wa Kigoma. Akaniuliza kama kitabu kina majina ya watu. Nikamwambia kina machache. Akaniuliza kama kuna Waha. Nikamwambia wapo, Waha walikuwa wengi pale kambini, sura ya tano karibu yote ni yao, ingawa majina yao ya kwetu utotoni yalikuwa ya utani na sikuyajua ya kweli. Akanyamaza kama nusu saa. Kisha akanieleza kwamba bibi yake ana miaka inayokaribia tisini na anakaribia kwenda, na kwamba anachouliza kila siku ni mumewe, aliyekwenda Tanga wakiwa na mtoto mmoja tu, baba wa huyu dada, na hakurudi. Wala habari ya kifo haikuja. Bibi hakuolewa tena, kwa sababu hakuna aliyeweza kumwambia yeye ni mke au mjane.

Nikamuuliza, kwa tabia mbaya ya mwandishi anayetaka kujua alivyopatikana: uliandika nini mpaka ukanifikia?

Akanitumia picha ya simu yake. Pale juu, kwenye kile kidirisha, alikuwa ameandika: babu yangu alienda manamba tanga hakurudi.

Nimeiangalia picha ile mara nyingi. Hakuna riwaya pale wala historia, na hajatafuta kitabu chochote. Amemuuliza mtu, kama yule mama wa vitenge alivyonambia, isipokuwa mtu wa kumuuliza hakuwepo, akauliza simu. Na simu, kati ya mambo yote yaliyoandikwa kwa Kiswahili, ilikuwa na sentensi moja inayofanana na ya kwake, ile ambayo dada yangu aliitamka kwa hasira nikaiandika kwa kuchoka. Neno manamba peke yake lilikuwa linanipeleka kwenye matatu ya Nairobi. Lilipotanguliwa na "kwenda", likarudi kwao.

Nilimtumia faili bila malipo. Akakataa, akalipa.

Usiku ule nilifungua visanduku. Nikatoa "kumbukumbu za ukoloni Tanganyika", maana walioitafuta walikuwa na maktaba zao. Nikaandika "waliokwenda manamba hawakurudi". Herufi 30. Nikaongeza kingine: "Waha Wangoni Wabena mashamba ya Tanga". Nilisita hapo, maana kuandika makabila kwenye kisanduku cha biashara kulinikumbusha namna wao wenyewe walivyoandikwa kwenye vitabu vya kambi, kabila, namba, tarehe. Lakini ndiyo maneno ambayo mjukuu angekuwa nayo. Mjukuu hajui jina la shamba. Anajua Tanga, anajua kabila lake, na anajua kwamba mtu hakurudi. Kimoja nimekiacha kitupu. Dada anataka tuweke 2417. Nimemweleza kwamba hakuna binadamu atakayeandika namba ile, na kwamba nafasi ile ina thamani. Akasema anajua.

Mauzo ya mwezi huo yalikuwa nakala 4, pamoja na ya Kasulu.

Bibi bado yuko hai, nilivyoambiwa mwezi uliopita. Anasomewa sura ya tano kwa Kiha, mjukuu anatafsiri papo hapo, na inaelekea kuna mtu mle ndani, mpiga zeze aliyeitwa Bwana Mvua, ambaye bibi anadai anacheka kama mumewe. Sijui mtu anachekaje kwenye karatasi. Sikumbuki hata kama niliandika kicheko chake au nilikibuni, na nimeogopa kwenda kuangalia.

Dada ameanza kupekua bati la biskuti. Juzi kanipigia: kuna karatasi ya michango ya msiba, ya 1974, mwandiko wa baba, majina 40 na kitu, na mbele ya matatu ameandika "Mha" ili asiwachanganye na wengine. Jina moja halisomeki, limekatwa na kutu ya bati. Nimepiga picha, nimeituma Kasulu. Kuna tiki mbili, za bluu bado.